KASORO KATIKA SARAFU MPYA: INAZALIWA WAPI, NA NANI ANAPASWA KUISEMA?

Somo la hesabu na muamalati kwa wanafunzi wa madarasa ya juu

Bismillahir Rahmanir Rahim

Shukrani zote zinamstahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake na Maswahaba wake wote. Amma baad.



Somo hili lilianza kwa swali la mwanafunzi mmoja wa hapa Namanyere. Alikuja baada ya Alasiri akiwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na sarafu ya shaba ya njano, nzito kidogo, yenye taji upande mmoja, herufi D.O.A., mwaka 1916, na chini yake herufi T. Upande wa pili imeandikwa 20 HELLER. Ilikuwa katika sanduku la bibi yake aliyefariki, Allah amrehemu.

Akasema: "Ustadh, kuna mnunuzi ameiona. Anasema ni ya bandia kwa sababu taji limekaa upande na ukingo mmoja ni mwembamba. Lakini anasema atatusaidia tu, aichukue kwa shilingi elfu mbili. Baba mdogo anataka kuiuza. Je, ni ya bandia kweli?"

Nikaitazama. Uso mmoja ulikuwa wa rangi ya kahawia iliyotulia. Uso wa pili uling'aa kama sufuria mpya. Nikamuuliza: "Upande huu mmeufanya nini?" Akainama. Akasema aliusugua kwa majivu na limau ili ipendeze.

Ndugu msomaji, katika sarafu ile moja mlikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ilizaliwa Tabora mwaka 1916. Ya pili ilizaliwa Namanyere wiki ile ile. Mwenye kuzichanganya mbili hizi atadhulumu au atadhulumiwa. Hilo ndilo tutakalojifunza leo, Inshaallah.

1. SARAFU NI USHAHIDI WA MAMBO MATATU

Neno sarafu limetoka katika mzizi wa Kiarabu unaohusu kubadilisha fedha. Wanafunzi wa fiqhi wanaujua katika mlango wa swarf, na mbadilishaji fedha huitwa swarrafu. Neno hela tunalolitumia kila siku limetokana na hiyo hiyo heller ya Wajerumani.

Sarafu ya dhahabu au ya fedha inatoa ushahidi wa mambo matatu: aina ya madini, uzito wake, na chapa ya mwenye mamlaka anayethibitisha hayo mawili. Likiharibika moja katika matatu haya, ushahidi umepungua.

Waislamu walilijali jambo hili mapema. Mwanzoni walitumia dinari za dhahabu za Warumi wa Mashariki na dirhamu za fedha za Wafursi. Mwaka 77 Hijria Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alianza kupiga dinari za Kiislamu zisizokuwa na picha, zenye maandishi matupu. Uzito wake ulikuwa takriban gramu 4.25. Huko Misri yakatengenezwa mawe madogo ya mizani ya kioo kwa ajili ya kupimia sarafu, maana kioo hakishiki kutu, na kikimeguka huonekana mara moja. Mengi ya mawe hayo yamehifadhiwa katika majumba ya makumbusho mpaka leo.

Uingereza nayo ina baraza linalokutana kila mwaka kupima sampuli za sarafu mpya: uzito, upana na madini. Desturi hiyo ilianza karne ya 13 na inaendelea. Hata kiwanda cha mfalme hakiaminiwi mpaka kipimwe na watu wengine.

2. SARAFU HUPIGWAJE?

Huwezi kujua kasoro imezaliwa wapi bila kujua njia iliyopita sarafu. Hatua zake ni hizi:

(a) Madini huyeyushwa, yakamwagwa, kisha yakabanwa kati ya magurudumu mpaka yawe bati lenye unene ulio sawa.

(b) Bati hukatwa visahani vya mviringo, kama mama akatavyo mandazi kwa bilauri.

(c) Visahani hupashwa moto ili vilainike, huoshwa, hukaushwa, na kingo zake huinuliwa.

(d) Kila kisahani huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja chini na mmoja juu. Pete ya chuma hukizunguka ili kisitanuke ovyo. Mihuri hukibana kwa nguvu kubwa, na nyuso zote mbili huchapwa kwa mara moja.

(e) Sarafu hutolewa, hukaguliwa, huhesabiwa na kufungwa.

Sarafu za matumizi ya kila siku hupigwa mamia kwa dakika. Zikitoka kwenye mashine huangukia katika chombo na kugongana. Kwa hiyo sarafu ya shilingi 500 ikitoka benki leo, bado mpya, utaiona ina vikwaruzo vidogo. Hiyo si aibu kwake, kwani imetengenezwa ipite mikononi mwa watu.

Lakini kuna sarafu nyingine zinazotengenezwa kwa ajili ya kuhifadhiwa. Wakusanyaji huzinunua kwa bei kubwa kuliko thamani iliyoandikwa juu yake. Nchi yetu inazo. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za kuhimiza hifadhi ya wanyamapori, ikiwemo ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye picha ya duma na ya fedha ya shilingi 50 yenye faru. Mwaka 2011 Benki Kuu ilitoa sarafu ya fedha ya shilingi 50,000 ya kumbukumbu ya miaka 50 ya Uhuru.

Zile za daraja ya juu kabisa hupigwa kwa namna nyingine. Mihuri hung'arishwa mpaka uwanja wake uwe kama kioo, na visahani pia hung'arishwa. Kila kimoja huwekwa kwa mkono na kupigwa zaidi ya mara moja, taratibu. Anayekishika amevaa glovu. Kisha sarafu huwekwa katika kikasha chake yenyewe. Kwa hiyo kikwaruzo kile kile kisichokuwa kitu kwenye shilingi 500, juu ya sarafu kama hii ni kasoro inayopunguza bei. Mnunuzi amelipia ukamilifu, basi ana haki ya kuupata.

3. MAHALI PANNE INAPOZALIWA KASORO

Kwanza, katika kisahani. Kama madini yalichanganyika na uchafu au hewa, ngozi ya sarafu hubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Kama bati lilisogea vibaya wakati wa kukata, kisahani hutoka kimeng'atwa upande mmoja mfano wa mwezi mwandamo. Kama bati halikuwa na unene ulio sawa, sarafu moja huwa nzito na nyingine nyepesi.

Pili, katika muhuri. Muhuri huchoka. Ukipasuka, ufa wake hujaa madini, na kwenye sarafu huonekana kama mshipa mwembamba ulioinuka. Kumbukeni alama hii: mkwaruzo huzama, lakini ufa wa muhuri huinuka. Tena, ufa wa muhuri hujirudia katika sarafu nyingi zilizopigwa kwa muhuri ule ule, ambapo mkwaruzo ni wa sarafu moja peke yake.

Tatu, katika kupiga. Kisahani kikikaa vibaya, picha huenda upande. Nguvu ikipungua, sehemu zilizotakiwa kuinuka zaidi, kama nywele za picha au katikati ya taji, hutoka hafifu. Grisi au uzi ukiingia kati ya muhuri na kisahani, herufi hupotea au huacha alama ya uzi huo.

Nne, baada ya kupiga. Humu mna alama za vidole, mikwaruzo ya kupangusa kwa kitambaa, na michubuko ya kugongana. Mna pia kasoro moja ya hila: madoa meupe mfano wa matone ya maziwa kwenye sarafu mpya za fedha. Sarafu hutoka kiwandani safi, kisha baada ya miezi madoa yakajitokeza. Wengi wa wajuzi wanasema sababu yake ni mabaki ya dawa za kuoshea visahani yaliyoungua juu ya fedha wakati wa kupashwa moto. Viwanda vikubwa duniani vimesumbuka na jambo hili, hata mwaka 2018 kiwanda cha sarafu cha Kanada, Royal Canadian Mint, kilitangaza njia yake ya kuyapunguza. Basi doa hili limeonekana mkononi mwa mnunuzi, lakini chanzo chake ni kiwandani. Tutalirudia hapa chini.

4. KIWANDA CHA SARAFU CHA TABORA, 1916

Sasa tuirudie sarafu ya bibi. Wengi wetu tumepita Tabora tukitoka Mpanda kwa treni. Ni wachache wanaojua kuwa mji huo uliwahi kupiga dhahabu.

Wajerumani walipoitawala nchi hii, sarafu zao zililetwa kutoka kwao. Kampuni yao ilianza na pesa na rupia mwaka 1890. Kila mwanafunzi wa madrasa angeweza kuisoma pesa ile, kwani upande mmoja ulikuwa na maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria. Wakati huo rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 hesabu ikabadilishwa, rupia ikawa heller 100.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, meli za Waingereza zilifunga bahari. Sarafu za kutoka Ujerumani zikakatika. Serikali ikachapa noti za haraka haraka humu humu nchini, lakini watu wengi waliamini chuma kuliko karatasi, na askari na wapagazi walipaswa kulipwa. Ndipo karakana ya reli huko Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Herufi T tuliyoiona chini ya mwaka ni alama ya Tabora.

Hawakuwa na mashine za kupigia fedha wala mafundi wa kazi hiyo. Walikuwa na karakana ya kutengeneza vichwa vya treni. Shaba waliipata katika vyuma vilivyokwisha kutumika, yakiwemo maganda ya risasi na mizinga. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, huko Iramba. Kwa dhahabu hiyo walipiga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Zilipigwa 16,198. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora, na kazi hiyo ikawa imekwisha.

Sarafu za kiwanda hicho zina takriban kila kasoro tuliyoitaja. Heller 20 za shaba hutofautiana unene. Nyingi zimepigwa hafifu, nyingine zimekaa upande, nyingine ngozi imebanduka. Mihuri ilibadilishwa mara kwa mara, na kila muhuri mpya haukufanana sawasawa na wa zamani. Kwa hiyo kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Kuna zenye herufi L ya neno HELLER iliyopinda ncha na zenye ncha iliyochongoka. Hata za dhahabu ni za namna mbili, kwa kuangalia pambo lililo upande wa tai linaishia chini ya herufi gani katika neno OSTAFRIKA: T au A.

Basi jawabu la swali la kwanza la mwanafunzi wetu ni hili. Taji kukaa upande na ukingo kuwa mwembamba hakuthibitishi kuwa heller 20 ya Tabora ni ya bandia. Ndivyo nyingi zilivyozaliwa. Sarafu ya bandia iliyomwagwa katika kalibu hutambulikana kwa mambo mengine: vitundu vidogo vya hewa usoni, herufi zilizolainika kama sabuni iliyotumika, na mshono kwenye ukingo. Yetu haikuwa na hata moja. Nayo ya dhahabu hupimwa kwa mizani ya sonara: uzito wake uliowekwa ni takriban gramu 7.17.

Tahadhari lakini, ndugu zangu. Heller za shaba zilipigwa kwa wingi mno kuliko za dhahabu, na bado zinapatikana. Mwenye nayo asidhani ametajirika. Ile sarafu ya bibi ilistahili zaidi ya elfu mbili, lakini si nyumba wala shamba.

5. KASORO NA HUKUMU YAKE

Neno aibu tunalolijua kwa maana ya fedheha limetokana na Kiarabu aib, yaani kasoro. Katika fiqhi, mnunuzi akigundua aib katika bidhaa ana hiyari ya kuirudisha. Masharti yake ya msingi ni haya:

(i) Kasoro iwe ilikuwepo kabla mnunuzi hajaipokea bidhaa.
(ii) Mnunuzi awe hakuijua wakati wa kununua.
(iii) Iwe inapunguza thamani au makusudio kwa mujibu wa desturi ya wafanyabiashara wa bidhaa hiyo.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofundishwa katika madrasa nyingi za kwetu, mnunuzi akishaigundua asicheleweshe kurudisha bila ya udhuru. Na kama yeye mwenyewe ameitia bidhaa kasoro mpya, hawezi kumlazimisha muuzaji aipokee. Watasikilizana juu ya fidia.

Sasa mnaona kwa nini tumehangaika kujua kasoro inazaliwa wapi. Mtu amenunua sarafu mpya ya fedha ya daraja ya juu, amefungua kikasha, amekuta alama ya kidole. Kama kikasha kilikuwa kimefungwa, alama imetoka huko, naye anayo haki ya kuirudisha. Lakini kama aliitoa, akaipitisha kwa wageni sebuleni, kisha ndipo akaiona alama, hana hoja.

Na madoa meupe je? Yameonekana baada ya kupokea, lakini sababu yake imetangulia kupokea. Wanazuoni wa Kishafi wamelizungumza jambo la namna hii, kwamba kasoro ambayo sababu yake imetangulia huhesabiwa kuwa imetangulia. Hapa elimu ya kiwanda inamsaidia mwenye kuhukumu, kwani bila ya kujua dawa ile na moto ule, angesema kuwa mnunuzi ameharibu mwenyewe.

Sharti la tatu nalo linatufungulia mlango. Kupigwa upande ni kasoro kwa sarafu ya kumbukumbu iliyotoka kiwandani juzi. Kwa heller ya Tabora wakusanyaji wanalijua jambo hilo, na wengine hulitafuta kwa sababu linasimulia hali ya karakana ile. Hukumu inafuata desturi ya watu wa bidhaa. Kwa hiyo tusiwe wepesi kusema kitu ni kibovu au ni kizuri kabla ya kuwauliza wanaokijua.

6. DHAHABU KWA DHAHABU

Hapa pana mtego unaowanasa hata watu wazima. Mtu ana sarafu mbili za dhahabu zilizochubuka. Mwenzake ana moja nzuri. Wanabadilishana mbili kwa moja. Je, inafaa?

Haifai. Dhahabu kwa dhahabu sharti iwe uzito sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, wala ubora wa mojawapo hauruhusu nyongeza. Tumesoma katika Hadithi sahihi habari ya tende za Khaybar: Mtume (s.a.w.) aliletewa tende nzuri, akajua kuwa zimepatikana kwa kubadilisha pishi nyingi za tende duni kwa pishi chache za zile nzuri, akakataza. Akaelekeza tende duni ziuzwe kwa dirhamu, kisha kwa dirhamu hizo zinunuliwe tende nzuri. Fanya hivyo hivyo na sarafu: uza zilizochubuka kwa shilingi, pokea hapo hapo, kisha nunua iliyo nzuri kwa shilingi, hapo hapo.

Kasoro ya sura pia haipunguzi zaka. Nisabu ya dhahabu ni dinari 20, yaani gramu 85 takriban za dhahabu safi. Sarafu ya rupia 15 ya Tabora ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu yake ni dhahabu. Tuhesabu:

7.168 x 0.75 = gramu 5.376 za dhahabu safi
Sarafu 15: 15 x 5.376 = gramu 80.64 (haijafika nisabu)
Sarafu 16: 16 x 5.376 = gramu 86.016 (imefika)

Kwa hiyo mwenye sarafu 16 za namna hiyo, zikapitiwa na mwaka, anadaiwa zaka, hata kama zote zimekaa upande. Kinachohesabiwa ni dhahabu iliyomo. Na kama anazifanyia biashara, atatazama thamani yake sokoni kama mali nyingine za biashara.

7. NAMNA YA KUIKAGUA SARAFU NYUMBANI

- Nawa mikono na ukauke. Ishike kwa ukingo, usiguse uso wake.
- Tandika kitambaa laini mezani, ili ikianguka isiumie.
- Ielekeze kwenye mwanga wa dirisha kwa kuiinamisha huku na huku. Mkwaruzo hujificha ukitazama wima, hujitokeza ukitazama kwa upande.
- Tazama kwa kioo cha kukuzia: mstari umezama au umeinuka?
- Ipime uzito kwa sonara mwaminifu. Jaribu pia sumaku. Sarafu yetu ya shilingi 500 iliyotoka mwaka 2014 hunaswa kwa sababu ni chuma kilichopakwa nikeli. Dhahabu, fedha na shaba hazinaswi.
- USIISUGUE. Si kwa majivu, si kwa mchanga, si kwa limau, si kwa dawa ya meno. Rangi iliyotulia juu ya sarafu kuukuu ni ngozi yake, na ukishaiondoa hairudi. Mng'aro unaoupata ni maelfu ya mikwaruzo midogo.

8. MWISHO WA HABARI YA SARAFU YA BIBI

Nilimweleza mwanafunzi kwamba sarafu si ya bandia. Akafurahi. Kisha nikamwambia: "Lakini upande mmoja mmeuharibu nyinyi, na hilo lazima lisemwe." Furaha ikapungua.

Tena sarafu ile haikuwa ya baba yake mdogo peke yake. Ilikuwa mirathi. Shangazi zake wawili walio Kirando walikuwa na fungu humo, hata kama ni fungu dogo. Kuiuza kwa elfu mbili kwa neno la mnunuzi kungekuwa kuwapunja wao pia.

Na yule mnunuzi tuseme nini juu yake? Allah ndiye ajuaye moyo wake. Huenda hakujua. Lakini kama alijua, alikuwa katika lile linalokemewa na Sura ya 83, al-Mutaffifin, inayowaonya wanaotaka kipimo kamili wakipokea na kupunguza wakitoa. Tumezoea kuwahubiria wauzaji. Kumbe mnunuzi naye hupunja, anapoibandika bidhaa ya mwenzake kasoro isiyokuwepo ili apate kwa bei ya chini.

Baba mdogo alikuja mwenyewe siku ya pili. Alisema: "Ustadh, huyo mtu mwingine wa Sumbawanga hajaiona bado. Kwa nini nimwambie habari ya majivu? Si ataona mwenyewe?" Nikamkumbusha kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono katika chungu ya nafaka na vidole vikakuta unyevu. Mwenyewe akasema imenyeshewa mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, na akalihesabu jambo lile kuwa ni udanganyifu. Hakumlaumu kwa mvua, wala hakumwambia asiuze. Kilicholaumiwa ni kuificha chini.

Tena nikamwambia: kasoro ya Tabora si yako, lakini iseme. Kasoro ya majivu ni yenu, nayo iseme. Kisha taja bei yako bila haya.

Alikaa kimya kitambo. Hatimaye akasema atawauliza kwanza dada zake. Baada ya majuma mawili mwanafunzi aliniletea habari. Sarafu imeuzwa Sumbawanga, upande uliosuguliwa ukiwa umetajwa. Mnunuzi alipunguza bei kwa sababu ya upande ule, kama alivyokuwa na haki. Hata hivyo ilipita elfu mbili mara kadhaa, na fungu la shangazi limepelekwa Kirando kwa mtu aliyekuwa anashuka ziwani. Baba mdogo bado anasema kuwa majivu yale yamewatia hasara, na ni kweli. Hasara ile ilikuwa yao, haikuwa ya mnunuzi, na imebaki kwao.

MUHTASARI

1. Kasoro ya sarafu huzaliwa katika kisahani, katika muhuri, katika kupiga, au baada ya kupiga.
2. Mahali ilipozaliwa ndipo panapoonyesha nani anaibeba.
3. Kama ni kasoro au si kasoro huamuliwa na desturi ya wanaoijua bidhaa hiyo.
4. Anayeijua sharti aiseme, awe muuzaji au mnunuzi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Utatofautishaje mkwaruzo na ufa wa muhuri?
2. Taja sababu mbili zilizofanya sarafu za Tabora za mwaka 1916 zitoke na kasoro nyingi.
3. Mtu ana sarafu 12 za rupia 15 za Tabora, pamoja na gramu 25 za dhahabu safi. Je, nisabu imefika? Kama imefika na mwaka umepita, atatoa gramu ngapi za dhahabu safi kwa hesabu ya sehemu moja katika arobaini?
4. Dada yako amenunua sarafu mpya ya fedha iliyofungwa. Baada ya miezi sita, bila kuifungua, ameona madoa meupe. Eleza hoja ya dada na hoja ya muuzaji.
5. Zoezi la nyumbani: chukueni sarafu tatu za shilingi 500. Zitazameni kwa mwanga wa upande, kisha kila mmoja aandike kasoro alizoziona na mahali anapodhani zimezaliwa.

Majibu yatasahihishwa darasani, Inshaallah. Wazazi nao wanakaribishwa kufanya zoezi la tano pamoja na watoto.

Wabillahi tawfiq.